Mjomba Aliyeshuka Bondeni

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Masomo ya juma hili: Mwanzo 13:1–13, Mwanzo 14:11–24 na Mwanzo 19:27–29.

Jumamosi hii unatimia mwaka tangu tumzike Mjomba pale makaburi ya Kinondoni. Wenzangu wa jumuiya wameniomba niandike neno, nami nimeshinda na Biblia siku kadhaa nikitafuta ndani yake mjomba anayefanana na wangu. Wa kwanza alikuja upesi: Labani, kaka yake Rebeka, mjomba wa Yakobo kwa damu na kwa jina. Lakini huyo alimtumikisha mpwa wake miaka 20 na kumbadilishia mshahara mara kumi. Nikafunua mbele. Siye.

Niliyemtafuta nikamkuta kwa Abramu. Najua mtaniambia kwamba kwa hesabu ya ukoo Abramu si mjomba wa Lutu. Harani, baba yake Lutu, alikuwa ndugu yake Abramu, kwa hiyo sisi tungemwita baba mkubwa au baba mdogo. Ni kweli. Ila nikisoma aliyoyatenda, namwona Mjomba wangu mtupu, na shati lake la mikono mifupi na kalamu mfukoni.

Harani alifariki mapema, baba yake mzazi akiwa bado hai. Abramu alipoitwa na Mungu atoke katika nchi yake na jamaa zake, alitoka na yatima huyo. Andiko halisimulii mashauriano yoyote. Linasema tu kwamba Lutu akaenda pamoja naye.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, huko Lushoto. Mjomba alikuwa karani bandarini. Alikuja na basi, akakaa matanga mpaka mwisho, na siku ya kurudi Dar es Salaam akamwambia mama, "Dada, huyu mkubwa nipe mimi." Nauli aliyobaki nayo ilitosha kiti kimoja. Nilipakatwa kutoka milimani mpaka Dar, na miguu yake lazima ilikufa ganzi, maana sikuwa mtoto mdogo wa kupakatwa.

Alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, Magomeni. Humo tulimkuta mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, watoto wao wanne, na wapwa wawili walionitangulia. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980, na wenye umri wangu wanaikumbuka: foleni za sukari, foleni za sabuni, ugali wa unga wa njano tuliouita Yanga, na duka la kaya ambako kila familia ilisubiri mgawo wake. Kwa kuwa Mjomba alikuwa na mwandiko mzuri, mjumbe wa nyumba kumi alimpa kazi ya kuandika orodha. Jina lake mwenyewe aliliandika la mwisho. Sukari ikipungua, iliishia kabla ya kumfikia. Mama alilalamika mara moja tu, tena kwa upole, akasema watoto wanakwenda shule na uji usio na kitu. Mjomba akamjibu, "Mwenye kalamu akijiandika wa kwanza, mke wangu, wengine watasimama wapi?" Tukanywa uji wetu.

Baadaye akawa katibu wa chama cha kufa na kuzikana pale mtaani, kazi aliyoifanya mpaka macho yalipokataa daftari. Mwenye kuishi Dar anajua uzito wa kazi hiyo. Msiba ukitokea usiku, wa kwanza kugongewa ni katibu. Atakwenda mochwari na wafiwa, atafuatilia kibali cha mazishi, atajua turubai na viti vinapatikana wapi kwa bei ya kibinadamu, na nani apigiwe simu kule mkoani kabla habari hazijafika kwa njia mbaya. Mtaa wetu ulikuwa na Waislamu wengi kuliko sisi Wakristo, naye alihudumia wote. Akizikwa Mwislamu alivaa kofia yake nyeusi, akasubiri nje ya msikiti mpaka swala iishe, kisha akatia bega kwenye jeneza kama wengine. Huko kanisani alikuwa mzee wa kanisa, lakini sitaandika sana juu ya hilo, mnalijua.

Sasa nifike kwangu.

Mwanzo 13 inasema wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana, na Abramu akamwambia kijana wake, "Basi usiwepo ugomvi, nakusihi, kati ya mimi na wewe." Akampa achague kwanza. Lutu akainua macho yake, akaliona Bonde lote la Yordani, kwamba lote pia lina maji. Akalichagua.

Mimi nilichagua Kigogo, bondeni, upande unaoelekea Mto Msimbazi. Nilikuwa na meza ya vipuri vya pikipiki Kariakoo, nimeoa, nina watoto wawili, na kodi ya nyumba imenichosha. Kiwanja kilikuwa cha bei ndogo. Kwa mguu nafika kazini. Kando yake kulikuwa na bustani za mchicha na matembele, kijani kibichi hata mwezi wa tisa wakati kwingine kote ni vumbi. Lina maji, naam. Macho yangu yaliona kama ya Lutu yalivyoona.

Mjomba alikuja kukitazama kiwanja. Alitembea mpaka ukingoni, akatazama mto ule mdogo uliokuwa umelala kwenye mchanga na takataka, akarudi. Akaniambia Msimbazi unaanzia huko juu milima ya Pugu na maji yote hayo yana njia moja ya kufika baharini kule Salenda, nayo inapita hapa. "Maji hufuata mkondo," akasema. "Subiri kidogo, tutafute Chanika au Kibamba, nitakuongezea." Nikamjibu kwamba Chanika ni porini. Akarudia. Hapo hasira ikanipanda, na mbele ya dalali na mke wangu nikamwambia, "Mjomba, wewe si baba yangu."

Kwa watu wengine hayo ni maneno tu. Kwetu mnajua yana makali gani. Mjomba ni wa upande wa mama, hana sauti kwenye ukoo wa baba, na mimi nilimchoma hapo hapo, mtu aliyenipakata kutoka Lushoto. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya, baba. Mungu akujalie." Aliniita baba, kama alivyokuwa akiniita tangu utoto. Nyumba ilipokwisha alikuja na mchungaji kuiombea, akaleta na mfuko wa mchele. Ila mimi nilianza kumkwepa. Aibu ikikaa sana moyoni hugeuka kuwa kiburi. Simu zikapungua, Jumapili nikawa natoka ibadani kwa mlango wa pembeni.

Jumanne ya tarehe 20 Desemba 2011, siku 11 tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua ilinyesha Dar es Salaam ambayo wataalamu wa hali ya hewa walisema haikuwahi kuonekana tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walipoteza maisha katika mafuriko yale. Ninyi mliokuwapo mnakumbuka Jangwani ilivyogeuka bahari. Sisi maji yaliingia kwa chini ya mlango, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Yalipofika magotini tukawapandisha watoto juu ya kabati. Yalipofika kifuani tukavunja dari, tukatokea kwenye bati. Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo. Nilikuwa sijazungumza na Mjomba karibu miezi mitatu. Nikampigia yeye.

Hakuniuliza habari nyingine yoyote. Aliuliza, "Mko juu ya bati la nani?" Nikamwambia. Akasema, "Msishuke."

Lutu alikuwa amehamia Sodoma, na wafalme walipouteka mji ule wakamchukua naye. Abramu aliposikia kwamba nduguye ametekwa, aliwaongoza vijana wake waliozaliwa katika nyumba yake, watu 318, akafuatia mpaka Dani. Zamani nilidhani sifa ya andiko hili ni ile hesabu ya watu. Sasa naona ni hayo maneno "waliozaliwa katika nyumba yake". Askari wa kukodi hawatajwi. Ni watoto waliokula kwake. Na waliokwenda pamoja naye ni Aneri, Eshkoli na Mamre, Waamori, majirani wa imani nyingine.

Mjomba alikuja na vijana watano. Wawili alikuwa amewalipia ada ya sekondari. Mmoja alikuwa mjukuu wa jirani yake Mwislamu, na huyo alileta rafiki zake wawili wanaojua kuogelea, watoto wa Msasani. Walikuwa na mpira wa ndani wa tairi la lori, uliojazwa upepo, na kamba ya katani waliyoifungua kwenye turubai la chama cha kufa na kuzikana. Walishuka na Barabara ya Kawawa kwa mguu, maana magari yalikuwa hayapiti. Mjomba alikuwa amevuka miaka 60. Aliambiwa abaki juu barabarani akakataa, akaingia majini mpaka kifuani, akajifunga ncha ya kamba kiunoni, akaegemea nguzo ya umeme iliyokuwa imezimwa, akawa yeye ndiye kigingi. Vijana wakavuta mpira huku na huko kwa kuifuata kamba ile. Mtoto wangu wa kike kwanza, kisha mdogo wake, kisha mke wangu, kisha majirani. Mimi nilitoka wa mwisho. Nilipomfikia, alinishika shingoni kwa mkono mmoja, akaniangalia machoni kuona kama niko mzima, basi.

Nimeisoma Mwanzo 14 mara nyingi juma hili. Abramu hamwambii Lutu neno hata moja katika sura yote. Huenda walizungumza na Musa hakuandika. Lakini mimi niliyetolewa majini naamini hakusema kitu, kwa sababu mjomba wangu naye hakusema. Wala siku ile, wala Krismasi tuliyolala kwake sebuleni watu 11, wala mpaka anakufa. Lile neno "nilikwambia" halikutoka kinywani mwake. Wapendwa, nimekaa chini ya mahubiri mengi juu ya msamaha katika maisha yangu. Kilichonihubiria kuliko yote ni ukimya ule.

Kati ya wale waliovutwa kwa kamba alikuwamo mtoto wa mfanyabiashara mmoja. Baba yule alikuja Magomeni baada ya siku tatu na bahasha nene. Mjomba hakuipokea. Mzee akasisitiza, akaiweka mezani. Mjomba akaisukuma taratibu, akasema, "Kama una moyo huo, wanunulie vijana chai na chapati, walishinda na njaa." Wenye kukumbuka andiko mmeshaona nilikofika. Mfalme wa Sodoma alimwambia Abramu ajitwalie mali, naye akaapa hatatwaa hata uzi wala gidamu ya kiatu, isipokuwa walivyokula vijana na fungu la wale wenzake watatu. Sijui kama Mjomba alikuwa anawaza sura ile. Nadhani hakuwaza. Mtu akisoma Neno miaka 50 linaanza kujisemea lenyewe mdomoni mwake.

Natamani niandike kwamba nilijifunza. Lutu naye hakujifunza. Ukifungua sura ya 19 unamkuta ameketi langoni pa Sodoma, mahali pale pale alipotolewa. Waathirika wa mafuriko yale walipewa viwanja Mabwepande, na mimi nikaona ni mbali mno na Kariakoo. Nikapiga lipu upya, nikabadilisha milango iliyooza, nikarudi bondeni na familia yangu. Mjomba alitusaidia kubeba magodoro.

Hapo ndipo ilipo sura ya 18, ambayo tumezoea kuihubiri kama somo la maombi ya bidii. Ibrahimu, ndiye Abramu aliyepewa jina jipya, amesimama mbele za Bwana anauombea mji wa Sodoma usiangamizwe: wenye haki hamsini, arobaini na watano, arobaini, thelathini, ishirini, kumi. Angalieni vizuri, jina la Lutu halitajwi popote katika maombi yale. Lakini ni nani mwingine aliyekuwa moyoni mwake, akishuka namba ile hatua kwa hatua kama mtu anayeteremka ngazi gizani kumtafuta mtoto wake?

Mwezi Aprili 2014 mvua kubwa ilirudi. Ijumaa kabla ya Jumapili ya Mitende Mjomba alipiga simu mchana. Kwa wakati huo magoti yalikuwa yamemwishia, asingeweza tena kuingia majini. Alisema watoto waje walale Magomeni, wawe karibu na kanisa kwa ajili ya mazoezi ya kuimba na matawi. Kisha akasema mke wangu naye aje, Mama anahitaji msaidizi. Kisha akasema, "Na wewe njoo, baba, tule wote." Nilisitasita, nikaenda. Tulikula wali na maharage ya nazi. Usiku mvua ilipiga bati mpaka tukawa hatusikilizani. Asubuhi ya Jumamosi nilishuka Kigogo, na mahali palipokuwa na chumba cha watoto ukuta ulikuwa umelala chini na maji yanapita juu yake.

"Mungu akamkumbuka Ibrahimu, akamtoa Lutu katika maangamizo." Ndivyo inavyosema Mwanzo 19:29. Nimeisoma Biblia tangu kipaimara na mstari huu sikuwahi kuuona. Haisemi Mungu alimkumbuka Lutu. Alimkumbuka mjomba, na mpwa akatoka. Lutu hakuomba, hakustahili, hata kutoka alikawia mpaka malaika wakamshika mkono. Ametoka kwa kumbukumbu ya mtu mwingine.

Wakati huo Ibrahimu yuko wapi? Mistari miwili nyuma: aliamka asubuhi na mapema, akaenda mpaka mahali pale aliposimama mbele za Bwana, akatazama upande wa Sodoma, akaona moshi unapanda kama moshi wa tanuru. Hajui kama Lutu ametoka. Biblia haitaji tena kwamba walionana. Inawezekana mzee alirudi hemani na ule moshi machoni, bila habari.

Mjomba alituacha kwa amani, nyumbani, Mama ameshika mkono wake. Alikuwa ameagiza tusimsafirishe kwenda Lushoto, nauli ya mwili ikawe ada ya watoto. Wazee wa ukoo walisikitika, lakini tuliheshimu. Siku ya maziko jirani yake yule Mwislamu, mzee wa makamo yake, aliomba aseme neno. Alisema kwa miaka mingi, kila alipotoka kwenda kuswali alfajiri, alimkuta Mjomba amesimama kibarazani gizani, amegeukia upande wa bonde. Walisalimiana. Na tangu yale mafuriko ya kwanza Mjomba alikuwa akimwambia, "Mzee mwenzangu, huko uendako mtaje na mwanangu wa Kigogo."

Mwanangu, alisema. Mimi niliyemwambia yeye si baba yangu. Sikuwahi kumwomba radhi kwa neno lile, nilingoja siku nzuri ambayo haikufika, na pale makaburini nililia mpaka vijana wa kwaya wakanishika.

Sasa niwaambie kinachonisumbua, maana hii ndiyo sababu nimekubali kuandika. Nina mpwa, mtoto wa dada yangu. Alikuja mjini akiwa na akili na bidii, akaingia kwenye kubeti. Mwaka huu amecheza mtaji wa genge la mama yake, wote. Dada analia. Mimi nilimwita, nikamkaripia mbele za watu, naye tangu hapo hapokei simu zangu. Na kwa miezi minne nimekuwa nikijibu kila anayeniuliza, "Amechagua mwenyewe."

Juma hili nimeanza kuamka alfajiri. Kutoka hapa Chanika bonde la Msimbazi halionekani, lakini najua upande aliko, amepanga Tandale. Nasimama mlangoni namtaja. Jumamosi tutakutana kwenye lango la makaburi ya Kinondoni saa nne asubuhi, tutaombea, kisha tutakwenda Magomeni kunywa chai kwa Mama. Jirani yake Mjomba amesema atakuwapo. Nimempelekea mpwa wangu ujumbe aje, nimemwandikia samahani kwanza, nikaweka na nauli kwenye simu yake. Hajajibu.

Tuombe.

Ee Mungu wa Ibrahimu, uliyemkumbuka mzee aliyesimama mahali pake asubuhi na mapema, asante kwa Mjomba. Asante kwa kamba ile na mwili ule ulioifunga. Wakumbuke wote wanaosimama alfajiri hii kwa ajili ya mtoto asiyepokea simu, na wale wa Tandale, na wa Kigogo, na wa kila bonde. Mkumbuke dada yangu. Mtoe kijana wetu. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.